Hivi hawa mastriima wa magemu ya anga wanacheza gemu hilo hilo tunalocheza sisi?

mzururaji_anga:
Wakuu habari zenu, naombeni mnieleweshe maana nimechoka. Kuna gemu moja la anga la mtandaoni, bado lipo alfa (yaani toleo la majaribio, halijakamilika), jina naliacha kwa sababu mashabiki wake wakilisikia tu hapa hapatakalika. Nililinunua baada ya kumwangalia striima mmoja (hawa wanaojionyesha laivu mtandaoni wakicheza) siku apdeti mpya imetoka, jamaa anapaa kutoka kwenye sayari anaingia angani bila skrini ya kusubiri, anatua kwenye mwezi, anashuka kwenye meli anatembea kwa miguu, chati yote imechachamaa, nikasema hili hapa ndilo.

Sasa nimeingia mimi. Unaita lifti haiji, ikija unaingia unapitiliza sakafu unakufa. Ukibahatika kufika kwenye meli yako unaikuta imezama nusu kwenye zege. Umemaliza hela yote ya kwenye gemu kununua mzigo, upo njiani kwenda kuuza, seva (kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu) inaanguka, ukirudi meli ipo mzigo hakuna. Ripoti bagi (hitilafu ya gemu) uone, utaambiwa "hii ni alfa, ulijua unachonunua". Haya ni alfa, mbona lile duka la kuuza meli kwa hela halisi halina bagi hata moja??

Na striima mwenyewe sasa hivi anasema mwaka huu ndio mwaka wenyewe. Nimerudi kwenye video zake za zamani, kila mwaka ndio mwaka wenyewe. Je wanalipwa hawa, au kompyuta zao ndio tofauti na zetu? Na kuna gemu la aina hii lililowahi kumalizika kweli?

kobe_wa_mwezini:
Hapo kwenye duka kutokuwa na bagi nimecheka kwa sauti aisee. Duka ndio gemu lenyewe mkuu, hayo mengine ni maonyesho ya bidhaa 😂

babu_joistiki:
Mdogo wangu pole. Mimi haya mambo nayafuatilia tangu enzi za joistiki zenye waya kwa hiyo nikupe historia kidogo, maana hilo gemu lako hata nisipolijua jina naijua njia linayopita.

Mfano mkubwa ni Star Citizen. Chris Roberts, yule aliyetengeneza Wing Commander ya 1990, alilitangaza Oktoba 2012, akachangisha Kickstarter (tovuti ya kuchangisha hela za miradi) zaidi ya dola milioni 2, na kwenye mategemeo ya mwanzo lilitakiwa litoke 2014. Leo michango na mauzo ya meli yamepita dola milioni 700 na bado linaitwa alfa. Ahadi za wakati wa kuchangisha zilikuwa na mifumo 100 ya nyota (kila mmoja nyota na sayari zake), watu wakaishi miaka na mmoja tu, Stanton, wa pili unaoitwa Pyro ukaja Desemba 2024. Gemu lao la pili, la hadithi ya mchezaji mmoja, Squadron 42, nalo lilitakiwa 2014, Oktoba 2024 wakasimama jukwaani wakataja 2026. Na dukani kwao kuna furushi la meli karibu zote liliwahi kuuzwa dola 27,000. Furushi la gemu ambalo halijaisha, soma tena hiyo namba.

Ila tusiwe waonevu. Mwaka huo huo wa 2012 Elite Dangerous nao walichangisha Kickstarter, hela kidogo sana ukilinganisha na hizo milioni 700, wakatoa gemu Desemba 2014. Halikuwa na kila kitu, hata kutua kwenye sayari kulikuja baadaye, lakini lilitoka na linachezeka mpaka leo. No Man's Sky wao walitoka Agosti 2016 na haipu (sifa za kabla ya kutoka) ya kutisha, watu wawili wakakutana sehemu moja ya sayari moja wasionane, matusi yakamwagika, malalamiko yakafika mpaka kwa wasimamizi wa matangazo Uingereza (kampuni haikukutwa na kosa). Wale jamaa wakakaa kimya wakafanya kazi, Julai 2018 wakaleta apdeti ya NEXT watu wakaanza kucheza pamoja kweli. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, yapo yaliyofika. Tofauti ninayoiona mimi ni hii, anayepata hela gemu likitoka ana haraka ya kulitoa, anayepata hela wakati halijatoka haraka ya nini?

mzururaji_anga:
Babu hilo la mwisho limeniingia. Sasa vipi kuhusu striima?

laivu_usiku:
Ngoja nijibu mimi maana nastriimu magemu ya anga, chaneli yangu ndogo tu.

Kulipwa wapo wanaolipwa na wapo wasiolipwa, na anayelipwa anatakiwa aseme waziwazi, Marekani tume yao ya biashara FTC iliibana Warner Bros 2016 kwa sababu ya video za kulipia za gemu la Shadow of Mordor ambazo hazikuweka wazi kwamba ni tangazo, na watu wakubwa wa YouTube walikuwemo humo. Lakini usihangaike sana na kulipwa. Angalia linki chini ya video. Magemu mengi ya hivi yana linki ya mwaliko, ukijisajili kupitia kwake yeye anapewa zawadi ndani ya gemu, meli au kitu kingine. Hajapewa hata senti ila siku ya apdeti akikwambia gemu ni bovu ile linki inakufa.

Halafu hili watu hawaliongelei. Chati ya striima wa gemu moja imejaa watu waliokwisha lipa, wengine wamelipa hela nyingi sana za meli ambazo ni picha tu mpaka leo. Hao hawaji kusikia kama gemu ni zuri au baya, wanakuja kusikia kwamba hela yao haijapotea. Ukisema "leo seva mbovu tufunge" wanakukasirikia wewe, sio kampuni. Nimeona kwangu mwenyewe, nikicheza kwa furaha namba ya watazamaji inapanda, nikikaa nusu saa naeleza matatizo namba inashuka na kuna mtu lazima aniandikie niache kueneza chuki. Baada ya muda unajifunza kutabasamu, hakuna mkataba wowote hapo.

Na bagi kwa mtazamaji ni burudani. Meli yangu ikilipuka yenyewe nikiwa laivu watu wanacheka, wanakata klipu, inasambaa. Wewe ikikulipukia umeketi peke yako chumbani ni jioni yako imepotea. Kompyuta nzuri inasaidia picha tu, seva ni ile ile.

kobe_wa_mwezini:
"Unajifunza kutabasamu" daah. Angalau umesema ukweli mkuu

rubani_wa_hiari:
Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Nacheza alfa za anga na nazipenda na hakuna striima aliyenidanganya. Nilinunua meli ya bei ya chini kabisa, zingine zote nanunua kwa hela ya ndani ya gemu, apdeti ikifuta nacheza upya. Hakuna gemu lingine lililokamilika linalonipa ile ya kuinuka kwenye kiti cha rubani nikatembea nyuma ya meli nikamkuta mwenzangu anapakia makreti huku tunaenda kasi.

Na mzururaji, hayo ya lifti na mzigo mara nyingi ni seva kuzidiwa. Kompyuta yako inachora picha tu, anayeamua lifti iko wapi na mzigo uko wapi ni seva. Kila kreti lililotupwa, kila maiti, kila meli iliyoachwa, seva inatakiwa ikumbuke. Ikijaa inaanza kufikiri polepole, ndio unaona walinzi wamesimama juu ya viti wanakutumbulia macho. Dawa yake ni kugawa ulimwengu kwa seva nyingi zinazopokezana wachezaji bila wewe kugundua, Star Citizen wameianza kuitumia kwenye toleo la 4.0 la Desemba 2024, kabla ya hapo watu wameisubiri miaka. Ni kazi ngumu jamani sio uvivu. Ingia seva mpya ambayo haijakaa muda mrefu, na usiweke hela yote kwenye mzigo mmoja.

babu_joistiki:
Rubani kazi ngumu nakubali. Ila ugumu huo walikuwa nao kichwani siku wanataja tarehe, au waliugundua baada ya kuuza?

rubani_wa_hiari:
Hapo sina la kujibu babu 😅 tarehe wasingezitaja kabisa.

mzururaji_anga:
Asanteni wote, laivu_usiku hasa wewe. Sasa nishaurini, nidai hela yangu au nisubiri?

laivu_usiku:
Inategemea ulinunua wapi. Kama ni Steam (lile duka la magemu la mtandaoni) wanarudisha ndani ya siku 14 kama hujafikisha masaa mawili ya kucheza, na hiyo ipo hata kwa magemu ambayo hayajakamilika. Tena Steam wenyewe kwenye kurasa za magemu hayo wanaandika kabisa kwamba kama halikuvutii lilivyo sasa hivi, subiri kwanza. Kama ulinunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe soma masharti yao leo, usingoje kesho, kila mmoja ana siku zake.

Ukibaki nalo sawa, ila usiongeze hela mpaka lile ulilonunua lifanye kazi. Na apdeti ikitoka, kabla hujafungua video yoyote hata ya kwangu, soma yale maelezo ya apdeti wanayoandika wenyewe, shuka mpaka chini kwenye matatizo yanayojulikana. Huko hakuna muziki wala mtu anayepiga kelele, ila utajua kama usiku huo utacheza au utaripoti bagi.