Stesheni wagoni ya mkononi kwenye baridi na chumvi barabarani, ipi inavumilia kutu?

mizigo_mingi
Wakuu habari za saa hizi. Natafuta stesheni wagoni (ile gari yenye buti refu lililoungana na ndani) ya mkononi, familia imeongezeka na mizigo haipungui, ila huku nilipo baridi ikishaanza tu malori yanapita usiku kumwaga chumvi barabarani na gari za watu zinaoza huku wanaziona. Nimebaki na tatu kwenye listi: Volvo V70 ya 2006, Passat ya 2004 na Subaru Outback ya 2007. Outback ndo roho inapenda sababu ya 4WD, alafu muuzaji anasema chini kaipaka andasili (ile lami ya kukinga kutu) mpya juzi tu, nyeusi inang'aa, kutu hakuna hata punje. Je ipi inavumilia chumvi zaidi, na nikienda kuziangalia nichungulie wapi haswa manake kwa juu zote rangi imetulia?

Fundi_Bisibisi
Mkuu hiyo andasili mpya ndo ingenitoa mimi mbio. Mtu anauza gari, anapata wapi moyo wa kuipaka chini wiki hiyohiyo? Ile lami nzito ukiipaka juu ya kutu haiponyi kitu, inafungia maji na chumvi humohumo ndani, kutu inaendelea kula taratibu we unaona weusi tu mpaka siku unaweka jeki inazama kwenye bodi kama boksi lililoloa. Afadhali gari yenye kutu ya juujuu unayoiona kuliko iliyovishwa koti.

Na hizo Outback uliza kwanza habari ya paipu za breki. Mwaka 2014 Subaru waliziita zirudi Legacy na Outback za 2005 hadi 2009 kule Marekani, kwenye majimbo ya chumvi, sababu maji ya chumvi yalikuwa yanafika kwenye paipu za breki pale karibu na tenki la mafuta zinaoza mpaka zinavuja. Sisemi ni gari mbaya, ila hiyo ya kwako ya 2007 imo humo, kwahiyo mwambie akuonyeshe karatasi kama ilishashughulikiwa.

kaka_zinki
Kwa bodi peke yake chukua Passat au V70. Passat ya umri huo bati lake limepakwa zinki, ni mambo ya Audi hayo, wao walianza kupaka zinki bodi nzima ya Audi 100 toka 1985. Faida ya zinki ni kwamba rangi ikikwaruzwa na kokoto chuma hakiliwi kwanza, inaliwa zinki. Ila ikishaisha imeisha, na inaishaga mapema kwenye mikunjo ya milango kwa chini na pale panapochomelewa. Volvo za miaka hiyo nazo bati lao ni la zinki.

Alafu usije ukadanganyika na jina kubwa, Mercedes E za 1995 mpaka 2003 ni nzito, tamu kuendesha, na zinajulikana dunia nzima kwa kutu. Mazda 6 ya kwanza nayo, juu ya tairi za nyuma, we pita mbali.

Shangazi wa Lifti
Jamani mnaongelea bati la nje, mtu haendi kufia kwenye bati la mlango. Kinachopigwa hasa ni vya chini visivyo na zinki: ile fremu inayobeba sasipensheni, vikalio vya springi, paipu za breki na za mafuta. Gari inaweza kuwa na bodi ya zinki safi kabisa na fremu ya nyuma imeshakuwa magamba.

Na wagoni ina sehemu zake ambazo sedani haina. Fungua buti, nyanyua kapeti, toa spea taya weka mkono kule chini kwenye shimo lake, ukikuta maji au tope la kahawia ujue maji yanaingia toka juu, mara nyingi kwenye boliti za reli za ruf au raba ya taa za nyuma. Toa na plastiki za pembeni humo kwenye buti, nyuma yake ndo shokapu zimefungwa kwa juu, hapo watu hawachunguliagi kabisa. Mlango wa nyuma angalia ukingo wa chini, vitundu vya kutolea maji vikiziba na majani unaozea ndani. Beba sumaku ndogo, ipitishe juu ya tairi za nyuma, isiposhika hapo ni puti ya kuzibia mashimo sio bati. Chini gongagonga na mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kinyonge.

mizigo_mingi
Aisee asanteni. Swali la nyongeza, nina gereji ya ndani yenye hita, si itasaidia gari ikauke kila usiku?

Fundi_Bisibisi
Hapana bana, ndo unaisaidia kutu. Kwenye baridi kali chumvi na barafu vimelala tu, kutu inaenda polepole sana. Ukiingiza gari kwenye joto barafu inayeyuka, unapata maji ya chumvi ya uvuguvugu kwenye kila upenyo, usiku kucha. Na siku hizi wanamwaga pia chumvi ya magnesiamu, hiyo inavuta unyevu hewani haikaukagi kirahisi. Labda uwe unaiosha chini kwa presha kabla hujaiingiza. Ukiiacha nje unakwangua kioo asubuhi ila bodi inapona.

Kuosha, subiri siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri, piga maji ya kawaida mengi ndani ya madigadi na chini ya milango, sabuni sio muhimu. Kabla baridi haijaanza, gari ikiwa kavu, pigia mafuta mepesi ya kuzuia kutu yale yanayojipenyeza, kila mwaka, mpaka ndani ya mbavu za chini ya milango. Usiguse diski za breki.

mizigo_mingi
Mrejesho. Muuzaji wa Outback kagoma isipandishwe kwenye lifti, anasema anaharakisha. Passat ilishauzwa. V70 nimeikagua na fundi, shimo la spea taya kavu kabisa, vikalio vya springi vizima, fremu ya nyuma ina kutu ya juujuu tu. Mlango wa nyuma kuna malengelenge madogo karibu na taa ya namba. Ila kuna paipu moja ya breki kwa nyuma, sijui ilishabadilishwa na nani, ina magamba.

Shangazi wa Lifti
Chukua hiyo. Malengelenge hayo ni ya kukuudhi tu, hayana hatari. Hiyo paipu muuzaji akupunguzie bei, alafu uing'oe yote mwanzo mpaka mwisho uweke ya kopa (shaba) iliyochanganywa na nikeli, haishiki kutu. Fundi akitaka kukata kipande kibovu aunge katikati mkatalie, kilichobaki nacho kimekula chumvi ileile.