Naomba ushauri: niendelee na utafiti wa silikanti hapa Tanga, au nikafundishe?

Mpima Magamba: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina shahada ya biolojia ya bahari, na kwa miaka mitatu nimewasaidia watafiti wa silikanti, samaki adimu wa kina kirefu, kwa mikataba ya miezi sita sita. Nazunguka madiko, wavuvi wanakoshusha samaki, kuanzia Sahare hadi Kigombe, napima urefu na uzito, nachukua magamba na kipande cha nyama, kisha namuuliza mvuvi alitega kina gani. Hupita miezi nisione samaki hata mmoja. Sasa nimepata nafasi ya kufundisha sekondari, na jibu linatakiwa Ijumaa.

Mkazi wa Chumbageni: Kafundishe. Samaki ambaye jamii yake ilikuwapo kabla ya dinosaria hatashindwa kukusubiri mpaka ustaafu.

Mzee wa Amani: Mimi nilikesha misitu ya Usambara Mashariki nikiwashikia watafiti taa, tukimtafuta yule chura mdogo anayezaa watoto waliokamilika bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Nilichobaki nacho ni goti bovu, na jina langu kwenye shukrani za ripoti, tena limekosewa herufi.

Bi Mkubwa Ngamiani: Mwanangu, umasikini wa mikataba uliujua tangu mwaka wa kwanza. Wiki hii kumetokea nini?

Mpima Magamba: Shikamoo mama. Mwezi uliopita silikanti alinaswa katika wavu wa jarife wa mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, na mahali alipotega ni ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki huyohuyo. Sikumwandika. Samaki alikuwa amekwisha kufa, na fomu isingemfufua.

Mwanabahari: Fomu haikuwekwa ili ifufue. Silikanti hubeba mimba kwa takriban miaka mitano na anaweza kuishi karibu miaka mia moja, kwa hiyo hata mmoja akipotea pengo lake halizibiki upesi. Tunajua kwamba jarife zinazotegwa kina kirefu ndizo zinazowanasa kwa sababu tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga waliulizwa, wakajibu kweli. Wewe umemfundisha mjomba wako kunyamaza.

Mpima Magamba: Angenyang'anywa wavu. Wewe ungemwandika mjomba wako?

Kijana wa Raskazone: Samahani, mimi siamini kisa hiki. Silikanti hufikia mita mbili na zaidi ya kilo 90, na diko la alfajiri limejaa watu wenye simu, alifichwaje? Naona mtu anatunga hadithi.

Mpima Magamba: Hakufichwa, na hakuwa mkubwa hivyo: sentimita 118, kina cha mita 90. Nyama yake ina mafuta mengi na haikupata mnunuzi, ikatupwa. Picha ninayo, lakini siiweki hapa kwa sababu maboya ya mjomba yanajulikana.

Kijana wa Raskazone: Basi umeandika kila kitu isipokuwa jina la mvuvi.

Mpima Magamba: Magamba manane yamo kwenye bahasha, nimeyatia tarehe.

Bi Mkubwa Ngamiani: Na shule, hujawajibu bado?

Mpima Magamba: Niliwajibu Jumatatu, mama. Nimekubali.

Bi Mkubwa Ngamiani: Na bahasha unamwachia nani?

Mpima Magamba: Iko kwenye begi langu.