NES: muziki safi, picha ina mistari ya wima. PPU (chipu ya picha) imekufa kweli?

Mpenda_Kaseti
Wakuu habarini. Nina NES (konsoli ya gemu ya Nintendo) ile ya kijivu ya kusukuma kaseti ndani, inawaka vizuri, muziki safi, pedi inaitika, nacheza mpaka nakufa kwa uzembe wangu mwenyewe, shida ni picha tu. Kila kitu kipo mahali pake ila kimechanwa na vistari vyembamba vya wima, kama mtu kapitisha kichana kwenye skrini. Herufi nyingine zina mstari, nyingine ziko salama. Nimejaribu kaseti tatu, zote vilevile. Kuna fundi kaiangalia sekunde tano akasema PPU imekufa, tafuta nyingine. Kweli au?

Bwana_Waya
Safisha kaseti kwanza mkuu, spiriti ya asilimia 99 na pamba za masikio, acha ikauke kabisa. Na usipulize! Ule unyevu wa mdomo ndo unakula pini.

Mpenda_Kaseti
Nimesafisha mpaka pamba inatoka nyeupe. Bado.

Kizee_cha_Lehemu
Huyo fundi ana haraka. Ndani ya NES kuna njia mbili, CPU (chipu kuu) inasoma programu kwenye kaseti kwa waya zake na PPU inasoma picha kwa waya zake, kwa hiyo muziki kuwa safi kunakwambia upande wa CPU ni mzima, basi, upande wa picha inabidi uiulize picha yenyewe.

Picha yote imejengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Mstari mmoja wa kigae unasomwa kwa baiti, biti 8, kila biti na pikseli yake (PPU inasoma mara mbili ili ipate rangi). Sasa waya mmoja wa data ukikatika, pikseli moja kwenye kila mstari wa kigae inaharibika, ukizipanga juu chini unapata hicho kistari chako. Si lazima kionekane kwenye kila kigae, waya unaoning'inia hausemi sifuri muda wote. Ingekuwa waya wa anwani (zile zinazosema isome wapi), mfano A0, ungeona mistari ya mlalo inajirudia mbilimbili.

Fanya hivi, simamisha gemu, piga picha skrini kwa karibu, hesabu pikseli toka kistari mpaka kingine, ikiwa 8 au mafungu ya 8 ni waya mmoja wa data. Halafu mgeuze mhusika atazame upande wa pili. Spraiti (picha ya mhusika anayetembea juu ya mandhari) ikigeuzwa PPU inapindua biti baada ya kuzisoma, kwa hiyo kistari kikihama toka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia ujue data imeingia ikiwa tayari mbovu.

Na kingine, umesema kila kitu kipo mahali pake. Namba za vigae vya mandhari zinakaa kwenye VRAM (kumbukumbu ya picha) ya kilobaiti 2 ndani ya konsoli na zinapita kwenye waya hizohizo za data. Ingekuwa mguu wa PPU umekufa na namba nazo zingevurugika, ungeona vigae vya ajabu ajabu. Mimi nashuku soketi ya pini 72, pale kaseti inapoingia.

Bwana_Waya
Mzee hapo kwenye VRAM, mimi yangu mandhari yote ilikuwa takataka ila wahusika safi kabisa, nikabadilisha chipu ya VRAM ikapona.

Kizee_cha_Lehemu
Inaingia akilini, spraiti zina orodha yake ndani ya PPU, hazihitaji ile VRAM. Ila ujue waya unaoiamsha VRAM unazungukia kwenye kaseti kwanza ndo unarudi, pini hiyo ikiwa chafu unapata ugonjwa huohuo. Ulisafisha soketi kabla ya kulehemu?

Bwana_Waya
Nilivisafisha vyote siku hiyohiyo 😅 kwa hiyo sitajua milele.

Mpenda_Kaseti
Wakuu narudi. Nimehesabu, ni 8 au mafungu ya 8 kila mahali. Nikamgeuza jamaa akatazama kushoto, kistari kikahama ubavu, nilicheka peke yangu. Nikachomoa umeme, nikafungua, nikamulika soketi kwa tochi kutokea mbele, pini zote zimejipanga kama meno isipokuwa moja imelala, kaseti ikiingia haiigusi kabisa. Nimeiinua polepole kwa sindano, na mita ikakubali toka kaseti mpaka mguu wa PPU. Nimewasha, picha safi kabisa, hakuna hata kistari kimoja.

Ila sasa kaseti moja kati ya zile tatu taa inawaka inazima kama kila sekunde, nayo PPU? 😂

Kizee_cha_Lehemu
Hapana, hiyo ni chipu ya kufuli, haimsikii mwenzake wa kwenye kaseti kwa hiyo inairisetisha mashine kila mara. Ni pini zilezile. Isugue tena hiyo kaseti.

Mpenda_Kaseti
Pamba imetoka nyeusi tii. Hii moja nadhani niliiruka.