Wamemfungia muuguzi sandukuni, halafu tupige makofi?

MuuguziWaZamu

Wadau, salamu. Naandika nikiwa bado nimevaa sare ya kazi. Nimetoka zamu ya saa 12 mfululizo, nimefika nyumbani, nimefungua iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, kabla hata ya kuvua viatu ili nitazame kipindi cha mwisho cha msimu wa 2025 wa Doctor Who, tamthilia ya Daktari, msafiri wa nyakati anayebadili mwili badala ya kufa, na sasa chai niliyoichemsha imeota utando juu wala sitaki kuinywa, kwa sababu wamemfungia muuguzi Belinda sandukuni.

Ninayemlalamikia mnamjua, mwandishi Russell T Davies. Ndiye aliyeifufua tamthilia hii mwaka 2005 tukamshangilia, akaenda zake, akarudi mwaka 2023 tukamshangilia maradufu, na kila akikaribia mwisho wa msimu anatia miungu, majitu, mifupa na milipuko katika sufuria moja, anakoroga mpaka mwiko unavunjika, kisha anatupakulia ukoko sisi tuliokaa na sahani zetu tangu Aprili.

Nianze mwanzo, ingawa mkono unatetemeka. Tarehe 12 Aprili tulikutana na Belinda Chandra, muuguzi wa hospitali mjini London, anayeishi nyumba ya kupanga na wenzake na anayerudi nyumbani amechoka kama ninavyorudi mimi. Roboti wakamteka kwa sababu ya cheti cha nyota alichopewa na mvulana aliyekuwa mpenzi wake miaka 17 iliyopita. Mwishoni Daktari akampima vinasaba bila kumwomba ruhusa, naye akamkabili uso kwa uso na kumuuliza ni nani aliyempa haki hiyo. Mimi niliruka kwenye kochi. Huyo ni mtu wa wodini kabisa! Sisi hatumtoboi mgonjwa hata kidole kabla ya kumweleza na kusubiri akubali, na hilo unafundishwa kabla hujajua vyoo viko wapi. Akamwambia kwamba yeye si kituko kimoja zaidi katika safari zake, arudishwe nyumbani. Msimu mzima ukasimama juu ya neno hilo moja: nirudishe nyumbani, tarehe 24 Mei 2025.

Malipo yake yakawa sanduku. Dunia inabomoka, London inakanyagwa na wanyama wa mifupa warefu kuliko maghorofa, Rani, adui wa zamani wa Daktari, anatamba, kila mwenye bunduki au kompyuta ana la kufanya, na muuguzi, mtu aliyesomea namna ya kusimama imara wenzake wanapopoteza fahamu, anasimamishwa ndani ya kabati na mtoto mkononi, mlango unafungwa, kamera inaondoka. Nilidhani ni mtego, kwamba atachomoka humo na kuokoa jahazi. Nikasubiri. Alipotoka, vita vilikuwa vimekwisha. Ng'ombe anayesafirishwa kwa lori huwa na hewa na mandhari zaidi kuliko alivyopewa Belinda! Stoo ya mashuka wodini kwetu ina nafasi zaidi, na taa inawaka.

Si hilo tu. Wiki moja kabla, mwandishi huyohuyo alituonyesha dunia ya uongo ambamo wanawake wamefanywa wake wa nyumbani kwa lazima, Belinda amevishwa gauni la maua na kupewa mume na mtoto ambao hakuwaomba, na anayetia shaka anaona kikombe kikipenya meza na kupasuka sakafuni. Tukaambiwa hilo ni jinamizi. Tukakubali. Wiki iliyofuata Daktari anautoa mwili wake ili aisogeze dunia kidogo, mtoto yule abaki, na Belinda anakuwa mama bila kuulizwa. Kisha tunaonyeshwa upya matukio ya nyuma ambamo sasa anasema alitaka kurudi nyumbani kwa ajili ya mtoto tangu mwanzo. Wamerudi nyuma wakamtoa maneno yake kinywani, wakamwekea mengine. Mwanamke aliyedai ruhusa kwa kipimo kimoja cha vinasaba amebadilishiwa maisha yake yote bila kutia saini popote!

Sina ugomvi na umama. Nina watoto wawili, na kazi yangu imewasomesha wote. Lakini nikifumba macho naliona lile sanduku, na uso wake ukitoweka nyuma ya mlango. Kati ya wote waliokuwa katika jengo lile, kwa nini yeye? Muuguzi! Sandukuni!

Binti wa Mvita

Pole sana dada, na pole kwa zamu. Naunga mkono kila neno. Sisi tulilipia tiketi za sinema, familia nzima, kwa kuwa vipindi viwili vya mwisho vilionyeshwa kwa pamoja leo katika kumbi za Uingereza. Mwanangu wa miaka 11 alininong'oneza katikati ya mapigano, "Mama, yule nesi yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa bisi ale.

Kobe Mpole

Mleta mada, naelewa uchungu wako, lakini punguza jazba kidogo tuwekane sawa. Lile halikuwa sanduku la kawaida. Ni Chumba Sifuri, mahali palipotengwa na misukosuko yote ya nje, na wazo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1982 Daktari wa tano, mara tu baada ya kubadili mwili, aliwekwa katika chumba hichohicho ili apone. Chumba kilipopotea, milango yake ikaundwa kabati, na Nyssa na Tegan wakambeba Daktari ndani yake wakipita vichakani. Kwa hiyo mwandishi alikuwa anawakumbuka mashabiki wa zamani, hakuwa na nia ya kuwatukana wauguzi. Isitoshe, Belinda aliingia kwa hiari yake ili mtoto asipotee.

MuuguziWaZamu

Kaka Kobe, ahsante kwa somo, lakini umenipa silaha mwenyewe. Mwaka 1982 Daktari alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hubebwa. Belinda alikuwa mzima, ana nguvu zake na akili zake timamu. Na hiyo hiari ni ya nani? Belinda hana hiari isipokuwa ile anayoandikiwa. Mwandishi alitaka aingie, akamwandikia "naingia".

Saa Mbovu

Povu lote hili kwa ajili ya kabati! Mleta uzi anazungumza kana kwamba tamthilia hii haijawahi kuwa na muuguzi mwingine. Umemsahau Rory? Alikuwa muuguzi tangu mwaka 2010, na mchumba wake Amy alipofungiwa ndani ya Pandorica, Rory alisimama nje akililinda sanduku hilo kwa karibu miaka 2,000 bila kulala wala kulalamika. Wewe umeshindwa kuvumilia nusu kipindi. Kanywe chai yako, dada.

MuuguziWaZamu

Rory alisimama NJE ya sanduku, amevaa deraya na upanga kiunoni, na tangu siku ile hakuna shabiki aliyemsahau. Ndicho ninachokililia usiku huu. Muuguzi mwanamume akapewa upanga na miaka 2,000 ya heshima. Muuguzi mwanamke akapewa kabati. Ndugu yangu, umekuja kunicheka ukaniongezea ushahidi.

Intare wa Nyamirambo

Poleni wote, lakini mnagombana kuhusu kabati wakati nyumba nzima imeungua. Ncuti Gatwa ameondoka! Mtoto aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, aliyekimbizwa na wazazi wake mwaka 1994 hadi Scotland, akapanda mpaka akawa Daktari, Mwafrika wa kwanza kuibeba tamthilia hii mabegani mwake, ameondoka baada ya misimu miwili ya vipindi 8 kila mmoja na vipindi viwili vya Krismasi. Hapa kwetu wapo vijana waliokuwa hawajui TARDIS, chombo anachosafiria Daktari, ni nini, wakaanza kuifuatilia kwa sababu ya jina lake tu. Nilikuwa nimewaalika wanne leo. Alipofungua milango ya TARDIS, akaitazama ile nyota, mwanga ukaanza kumtoka mikononi, mmoja wao akauliza kama kipindi kimeharibika. Nilishindwa kumweleza. Leteni uzi juu ya hilo.

Binti wa Mvita

Intare, umenigusa. Kile kipindi cha Lagos, kinyozi na viti vyake, Daktari akikaa kwa utulivu mahali ambapo hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Mume wangu alisema hicho kimoja kinatosha kuulipa msimu mzima. Kwa nini wasingempa mwaka mmoja zaidi?

Nyota ya Jaha

Naona kila mtu analia upande wake, basi nami nipewe nafasi. RANI. Tumemsubiri tangu mwaka 1987. Kate O'Mara alimcheza mara mbili tu katika tamthilia yenyewe, mwaka 1985 na mwaka 1987, na kwa miaka karibu 40 kila mwanamke wa ajabu aliyetokea katika tamthilia hii tulisema huyu ndiye. Tarehe 17 Mei akajitokeza kweli, Archie Panjabi, amevaa akavalia, anatembea kama anayemiliki ardhi yote anayoikanyaga. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na baada ya wiki mbili, wiki mbili tu, analiwa na Omega kama dagaa. Analiwa! Na huyo Omega mwenyewe ni nani? Yule tuliyemjua tangu mwaka 1973 alikuwa mtu mwenye huzuni, bwana mkubwa aliyebaki na utashi tupu ndani ya kinyago, na alipolivua vazi hilo hapakuwa na uso chini yake. Sasa wametuletea mzoga wa kompyuta usio na sentensi tatu za kueleweka. Wabaya wawili wakubwa wameteketezwa katika mlo mmoja.

Kobe Mpole

Nyota, hapo sina la kumtetea. Nimejaribu.

Saa Mbovu

Mimi nasema ukweli hata kama mtaniponda: kulikuwa na jambo moja zuri sana katika kipindi kile, na hakuna aliyelitaja. Daktari na Belinda wakiwa ndani ya TARDIS wanapokezana kile kikoti cha mtoto, wanazungumza mambo yao, na kila wanapokikunja kinazidi kuwa kidogo, mpaka kinaisha mikononi mwao na hawakumbuki walikuwa wameshika nini. Ni Ruby, mwenzi wa zamani wa safari za Daktari, peke yake anayeona. Mwandishi anayeweza kuandika hilo anaweza chochote, na ndiyo maana sikubali kwamba yaliyobaki yalikuwa bahati mbaya. Alijua anachofanya.

MuuguziWaZamu

Saa Mbovu, kuhusu kikoti umesema kweli. Hata mimi nililia hapo. Lakini naomba tusilisahau sanduku, kwa sababu anayeweza kuandika kikoti kile ndiye aliyemfunga Belinda, na ndiyo sababu inauma hivi.

Nyota ya Jaha

Hivi kuna aliyeelewa Bi Flood, yule Rani mwingine, alitorokea wapi? Wamemla Rani mpya na kumwachia yule wa zamani, kisha kimya.

Mzee wa Redio

Wanangu, nimesoma yote kwa subira. Niliiona tamthilia hii kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi huku Uingereza, runinga ya rangi mbili, na naomba nami niseme langu. Susan. Mjukuu wa Daktari. Desemba ya mwaka 1964 Daktari alimfungia mlango wa TARDIS akamwacha Duniani, akamwahidi kwamba siku moja atarudi. Ukiacha ule mkutano mfupi wa mwaka 1983, hakurudi. Kisha msimu huu, baada ya miaka 60, Carole Ann Ford mwenyewe anatokea kwenye kioo, uso uleule, macho yaleyale, anamwita babu yake. Nilisimama. Goti langu bovu nililisahau. Akatokea tena tarehe 24 Mei, mara moja, kama upepo. Nikajiambia kipindi cha mwisho kitakuwa chake. Nikawapigia simu ndugu zangu wawili ambao hawajaitazama tamthilia hii tangu utoto wao, nikawaambia waketi. Wakaketi. Hakutajwa hata kwa jina! Unamwitaje mama wa umri ule, aliyeianza kazi hii siku ile ile ya kwanza, tarehe 23 Novemba 1963, unamsimamisha mlangoni, halafu unaondoka bila kumfungulia?

Intare wa Nyamirambo

Shikamoo mzee. Hilo sikuwa nimelifikiria. Daktari wetu ameondoka bila kumkumbatia mjukuu wake.

Saa Mbovu

Na bila hadithi hata moja ya Wadalek, maadui wakubwa wa Daktari. Kila Daktari kabla yake aliyepewa misimu yake alizipata, yeye hakupewa.

Mzee wa Redio

Marahaba mwanangu. Wadalek watangoja, wao ni bati. Carole Ann Ford alizaliwa mwaka 1940, naye hawezi kungoja.

Nyota ya Jaha

Mzee, anzisha uzi wako tuje huko. Huu umeshajaa.