Tupeane uzoefu: vitenzi vya kawaida vya Kihispania katika hali ya masharti

Mwenye mada, Nyamagana

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha Kihispania kikundi kidogo cha vijana hapa Mwanza, wengi wao wakiwa waongoza watalii wanaopeleka wageni Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Ninaomba waliojifunza lugha hii waeleze jinsi walivyoizoea hali ya masharti, yaani umbo la kitenzi linalokaribia -nge- yetu.

Maumbo yenyewe hayasumbui. Kitenzi-jina hubaki kizima, bila kuondolewa -ar, -er wala -ir, kisha huongezewa -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais au -ían kulingana na nafsi: hablar huwa hablaría, comer huwa comería, vivir huwa viviría. Hata ser na ir, vinavyowatesa wanafunzi katika wakati uliopo, hapa hufuata kanuni na kuwa sería na iría, na huwa ninafurahi kuona darasa zima likipumua likifika hapo.

Kazi iko kwenye sentensi yenye neno la Kihispania si, yaani "kama". Sisi husema "Ningekuwa na fedha, ningenunua mtumbwi", tukiweka -nge- pande zote mbili, ilhali Mhispania husema "Si tuviera dinero, compraría una barca": hali ya masharti hukaa upande wa matokeo tu, na upande wa sharti huchukua umbo jingine kabisa. Mwanafunzi mwenye Kiswahili kizuri ndiye hasa huandika "si tendría" badala ya "si tuviera", kwa sababu sikio lake linadai pande mbili zifanane. Ninyi mlilivukaje hili?

Mchangiaji, Kirumba

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, na nilianzia kwenye adabu kabla ya masharti. Ninapowapeleka wageni Kisiwa cha Saanane huwauliza "¿Le gustaría descansar un poco?" (ungependa kupumzika kidogo?), nao hunijibu "Me gustaría ver los impalas" (ningependa kuwaona swala). Huo ni mwendo uleule wa "ningependa" wetu, ambao nao hausubiri sharti lolote, kwa hiyo ulimi wangu ulizoea -ía kwa maombi ya kila siku muda mrefu kabla sijaigusa sentensi ya si. Ningeshauri vijana wako waanzie hapo, kwani mgeni hulisikia ombi la namna hiyo kuwa la heshima.

Mchangiaji, Nansio, Ukerewe

Mimi nilifundishwa na mtawa kutoka Hispania, ambaye alitutaka turipoti maneno ya watu wa bandarini. Mtu akisema "Meli itafika saa tisa", sisi tuliandika "Dijo que el barco llegaría a las tres". Kiswahili huturuhusu kubakiza -ta- na kusema "Alisema meli itafika", lakini Kihispania, kikishaanza na dijo (alisema), kwa kawaida hugeuza wakati ujao kuwa hali ya masharti. Alitufundisha pia kukisia yaliyopita: "Serían las ocho cuando llegamos", yaani huenda ilikuwa saa mbili tulipofika. Matumizi haya mawili vitabu vingi vya wanaoanza huyapitia haraka mno, nami ninaona si haki, kwa sababu mazungumzo ya kawaida yamejaa habari za fulani alisema nini na ilikuwa yapata saa ngapi.

Mwenye mada, Nyamagana

Marahaba, na ninawashukuru nyote wawili. Nitaanza na gustaría kama ulivyoshauri, ndugu wa Kirumba, kisha ripoti za bandarini, na sentensi ya si nitaiweka mwisho. Hapo nitawapa upande wa sharti ukiwa umekwisha kuandikwa, "Si viviera en Ukerewe..." (ningeishi Ukerewe...), ili wao wakamilishe upande wa matokeo peke yake: viajaría en barco (ningesafiri kwa meli), comería pescado (ningekula samaki), aprendería a nadar (ningejifunza kuogelea). Wakishaacha kutafuta -ía mahali pa viviera, ndipo nitawaruhusu waandike pande zote mbili. Nitawakumbusha pia kwamba viviría ni "ningeishi" na ni "angeishi" vilevile, hivyo yo (mimi) au él (yeye) hutajwa pale ambapo msikilizaji angeweza kuchanganyikiwa. Aliyejaribu utaratibu wa namna hii na watu wazima, ninaomba atueleze ulivyokwenda.