Wametuhamishia seva bila draiva za virtio, sasa wanasema tatizo ni intaneti yetu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ndiye fundi wa mifumo kwenye duka la jumla la dawa, tuna matawi Mwanza na Shinyanga. Seva zetu ni VM (kompyuta zinazoigwa kwa programu ndani ya mashine kubwa) tunazokodi kwa mtoa huduma mmoja, jina naliacha. Walituletea barua pepe ya mistari mitatu: tunatoka VMware tunaingia KVM (zote ni programu za kuendesha VM), kazi ni usiku wa Jumapili, nyie hamna la kufanya.

Jumatatu saa moja asubuhi hakuna tawi lililoweza kutoa ankara. Seva ya Windows imewaka vizuri ila mtandao hauna. Kadi yake ya mtandao ya zamani ilikuwa VMXNET3 ya VMware, huko mpya wameipa virtio-net ya KVM, na Windows Server haiji na draiva ya virtio, yaani programu ya kuitambua na kuiendesha kadi hiyo. Kila anayegusa KVM analijua hilo! Kuna ISO (faili la diski) ya virtio-win, ndani yake folda ya NetKVM, draiva zimepangwa kwa kila toleo la Windows. Ukiiweka draiva VM ikiwa bado upande wa zamani, inaamka na kadi yake inatambulika. Ni kazi ya dakika chache. Hawakuifanya, wala hawakutuambia tuifanye wenyewe.

Hata VM ya Linux, ambayo draiva yake imo kwenye kerneli (kiini cha Linux) tangu 2.6.24 ya Januari 2008, iliamka bila mtandao. Kadi iliyokuwa ens192 sasa inaitwa ens18, na mipangilio bado inatafuta jina la zamani. Hiyo niliitengeneza mwenyewe kwenye konsoli.

Sasa sikieni "suluhisho" lao la Windows. Wameng'oa virtio-net wakaweka E1000, wakafunga tiketi.

E1000 ni maigizo ya kadi halisi ya Intel ya miaka mingi nyuma. Windows inadhani inaongea na chipu, kumbe kila ikiigusa, prosesa inalazimika kutoka ndani ya VM, haipavaiza (programu inayoendesha VM) iigize jibu, ndipo irudi. Ni kupakua lori la mahindi gunia moja moja, na kila gunia lipelekwe ofisini kusainiwa kabla hujabeba la pili. Kadi ya paravirtuali kama virtio-net inajua iko ndani ya VM. Pande zote mbili zinatumia foleni moja kwenye memori, pakiti zinapangwa nyingi kwa pamoja, kisha unabisha hodi mara moja. Tofauti hiyo naiona kila siku: nakala rudufu iliyokuwa ikiisha kabla ya alfajiri sasa inafika saa nne asubuhi, CPU iko juu, na muuzaji wa Shinyanga amesimama na mgonjwa dirishani akisubiri skrini ifunguke.

Nikilalamika, wananitumia picha inayoonyesha 1.0 Gbps. Jamani! Hiyo namba ni lebo tu inayoigwa pamoja na kadi, haipimi chochote. Halafu wanamalizia kwamba tuangalie intaneti yetu. Nimepima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya VM zetu mbili zilizo kwao, pakiti hazijagusa intaneti yetu hata moja, na uzito ni uleule. Matokeo nimewatumia. Kimya.

Ninachotaka ni kidogo: warudishe virtio-net, waniunganishie ISO ya virtio-win, wanipe nusu saa Jumamosi usiku. Draiva nitaweka mimi. Na ile kadi ya zamani iliyojificha nitaifuta mimi, maana bado imeshikilia anwani yetu ya IP na Windows hutoa onyo ukiipa kadi mpya anwani hiyo; ni bora uonyeshe vifaa vilivyofichwa na kuiondoa.

Tiketi imefungwa mara tatu, nimeifungua mara tatu. Mliowahi kuhamishwa hivi, mliwabana kwa kipengele gani cha mkataba?