Mtoto wa farasi mdogo: rangi ngeni, miguu imejikunja, taya limetangulia. Chanzo ni rangi?

Singa Ndefu:
Wakuu, naomba ushauri. Jike wangu wa farasi mdogo (aina ya farasi wa kimo kifupi) amezaa usiku wa kuamkia leo. Mama ni mweusi mwenye mabaka meupe ubavuni, uso mweupe mpana, jicho moja la bluu. Baba ni mwekundu wa kahawia mpaka singa na mkia. Mtoto katoka na rangi ya ngano, kope nyeupe, kwato zina michirizi. Kinachonitisha ni miguu ya mbele: imejikunja kwenye vifundo, anasimamia ncha za kwato. Tena taya la chini limelipita la juu. Jirani anasema ukichanganya rangi unavuna vilema. Ni kweli? Nilikuwa nawaza safari ijayo huyu jike nimpandishe kwa dume mwenye mabaka kama yake.

Kwato Ngumu:
Rangi isubiri. Amenyonya? Mtoto wa farasi anatakiwa awe amesimama ndani ya saa 1, amenyonya ndani ya 2, na kondo la nyuma liwe limetoka ndani ya 3. Anazaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini; anaipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, na baada ya siku ya kwanza utumbo hauipokei tena. Mwenye miguu kama hiyo huchoka, ananyonya nusunusu, halafu watu wanasema alizaliwa dhaifu. Mshikilie kwenye kiwele. Kesho daktari apime damu kuona kama kinga imeingia.

Singa Ndefu:
Kanyonya kwa kushikiliwa, na choo cha kwanza kimetoka. Kondo nimelihifadhi. Daktari yuko njiani.

Babu wa Zizi:
Afadhali. Basi tuongee rangi. Kwa maelezo yako namwona mtoto wa silva, jeni ya rangi. Jeni hii hufifisha weusi tu, wekundu haiugusi, ndiyo maana dume mwekundu anaweza kuibeba maisha yake yote na usijue. Mtoto akichukua weusi wa mama na silva ya baba, anatoka hivyohivyo ulivyosema, kope na michirizi ya kwato vikiwemo. Akikua huenda akawa rangi ya chokoleti, singa karibu nyeupe.

Jirani yako kagusa kitu bila kukijua. Silva ina kasoro zake, ila ni za macho. Mwenye nakala moja ya jeni, yaani kairithi kwa mzazi mmoja tu, hupata vifuko vya maji ndani ya jicho, na kwa kawaida anaona vizuri tu. Mwenye nakala mbili ndiye mwenye taabu: jicho lililotuna, mboni isiyoitikia mwanga inavyopaswa. Miguu na taya haihusiki kabisa. Ila kwa ajili ya macho, huyo baba mwekundu usimpandishe kwa jike mwenye silva.

Mama Vihongwe:
Mimi nimekwama kwenye taya. Miguu kujikunja peke yake isingenipa hofu, kano zikiwa fupi wakati wa kuzaliwa nyingi hunyooka zikitunzwa mapema. Lakini miguu pamoja na taya, kwa farasi wadogo, lazima uulize kuhusu ukibeti, yaani kasoro ya kurithi ya ukuaji. Paji la uso limetuna? Pua imebonyea katikati?

Singa Ndefu:
Paji limetuna kidogo. Au ni woga wangu.

Mama Vihongwe:
Usihukumu kwa macho, pima. Ukibeti huu unatokana na mabadiliko kwenye jeni ya ACAN, inayohusika na gegedu (tishu nyororo ya viungo), na mabadiliko hayo ni ya aina kadhaa. Mzazi mwenye nakala moja yenye kasoro ni mzima kabisa, anaweza hata kushinda maonyesho. Wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kurithi kasoro hiyo pande zote mbili. Wengine hawafiki hata kuzaliwa, mimba hutoka. Rangi haina habari na hilo. Ng'oa nywele za singa pamoja na mizizi yake, za mama, baba na mtoto, zipelekwe maabara. Majibu yakija ndiyo uongelee dume huyo tena.

Babu wa Zizi:
Na huyo wa mabaka, simama hapohapo! Mabaka ya ubavuni yasiyovuka mgongo, uso mweupe, jicho la bluu: hiyo inanukia fremu, jeni nyingine ya mabaka meupe. Nakala moja ni urembo. Mbili, mtoto huzaliwa mweupe wote au karibu wote, utumbo wake mpana hauna neva za kusukuma choo, na ndani ya siku chache anakufa kwa maumivu ya tumbo. Hakuna tiba. Na usimwamini dume eti kwa sababu hana mabaka, fremu hujificha hata kwa mwenye alama ndogo tu usoni. Ongeza fremu na silva kwenye kipimo, nywele ni zilezile.

Singa Ndefu:
Daktari amefika. Macho atayaangalia vizuri baadaye, sasa anafunga banzi miguuni. Niangalie nini usiku?

Kwato Ngumu:
Pamba iwe nene chini ya banzi, ngozi ya mtoto huchubuka upesi. Muulize kila baada ya muda gani ifunguliwe, na ukiona mguu umevimba juu ya bandeji usingoje kukuche, mpigie. Na uendelee kumshikilia anaponyonya.